Gari Lililoruhusiwa Uani kwa Florence Zaremba

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama mko jikoni, punguzeni moto chini ya sufuria, msogee karibu na redio. Leo tunamkumbuka Florence Zaremba, wa hapa hapa kwetu Hamtramck, aliyefariki wiki iliyopita usingizini, nyumbani kwake. Wengi mlimjua. Na baadhi yenu, msinikatalie, mliwahi kufukuzwa uani kwake.

Florence alifanya kazi katika kiwanda cha magari cha Wolcott karibu maisha yake yote ya utu uzima. Kituo chake kilikuwa cha mwisho kabisa: kubandika nembo. Gari lilimfikia likiwa na injini, viti, taa, kila kitu isipokuwa jina. Florence ndiye aliyelipatia jina. Alifuta vumbi kwa kitambaa, akabandua karatasi ya gundi, akaikandamiza nembo kwa kiganja chote. Kisha akaligonga gari kidogo kwa nyuma, liende zake.

Na nyumbani kulikuwa na sheria. Ilikuwa sheria ya baba yake, mzee Stanley: uani kwa Zaremba haliingii gari lisilo la Wolcott. Liwe la jirani, liwe la nani. Hata padri, alipokuja kubariki nyumba mwezi wa Januari, aliegesha barabarani na kukanyaga theluji na maji yake ya baraka mkononi.

Shida ni kwamba Florence alikuwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake, Chester. Na Chester alikwenda kuajiriwa Lindell. Lindell, wasikilizaji! Washindani wakubwa wa Wolcott. Chester akanunua gari la Lindell, kama ilivyo desturi ya kila mtu kuendesha gari la anayemlisha. Kuanzia hapo akawa anaegesha barabarani, mbele ya nyumba alimozaliwa.

Mzee Stanley alipofariki, Florence akarithi nyumba. Sheria nayo akairithi. Chester alijaribu.

"Dada, baba ameshazikwa. Sasa si niingize gari?"

"Baba amezikwa, sheria ipo. Egesha nje."

"Lakini baba mwenyewe alianzia kazi kiwanda cha Pruett! Wolcott walipoinunua Pruett, kesho yake akaamka mtu wa Wolcott. Yeye na mashine waliuzwa siku moja!"

"Ingia ule, maneno mengi supu inapoa."

Hivyo ndivyo walivyoishi, kwa utani wa kuchomana. Mpaka mkesha mmoja wa Krismasi. Barabara ilikuwa barafu tupu. Irena, mke wa Chester, alishuka garini na bakuli kubwa la supu nyekundu ya bitiruti. Hakufika mlangoni. Aliteleza, akavunjika kifundo cha mkono, na supu yote ikamwagika kwenye theluji. Na uani, wasikilizaji, uani palikuwa peupe. Hapakuwa na gari hata moja.

Florence alitoka mbio na aproni yake. "Pole, wifi! Pole jamani!"

Chester alimtazama. "Pole yako ingetupa pa kuegesha, tungekuwa mezani sasa hivi."

Akampeleka mkewe hospitali. Hakurudi. Hakurudi mkesha uliofuata, wala mingine mingi iliyofuata. Sote huweka sahani moja ya ziada mezani usiku ule, kwa mgeni asiyetarajiwa. Florence naye aliiweka. Lakini Irena anasema majirani walimwona akisogeza pazia kila gari lilipopita. Alikuwa na hofu moja tu, na alimwambia kila aliyemwamini: kwamba yeye au Chester atakufa kabla hawajala pamoja tena. Hata hivyo simu hakupiga. Mbishi aliyekuwa mbishi!

Sasa sikilizeni mambo ya wakubwa. Wolcott na Lindell, waliotufundisha kuchukiana, wakaketi mezani wakapatana. Kiwanda cha Florence kikawa mali ya wote wawili, nusu kwa nusu. Nusu ya Wolcott, nusu ya Lindell. Likawa linatoka gari moja, lenye umbo moja na injini moja, ila majina mawili. Kwenye kituo cha Florence vikawekwa visanduku viwili vya nembo. Cha kushoto Wolcott, cha kulia Lindell.

Florence alinuna. Magari ya Lindell aliyaita wapangaji. Aliyabandika nembo, ndiyo, lakini hayo hakuyagonga kwa nyuma.

Ikaja siku aliyokosea. Alikuwa akibishana na mwenzake kuhusu namna ya kukaanga vitunguu vya pierogi, yale maandazi yetu ya kuchemsha yenye viazi ndani, mkono ukaingia kisanduku cha kushoto badala ya cha kulia. Gari la Lindell likaondoka na jina la Wolcott. Likapita kwa mkaguzi wa rangi. Likapita kwa mkaguzi wa milango. Likaendeshwa, likasifiwa, likaegeshwa pamoja na ya Wolcott. Hakuna aliyeshtuka, mpaka hesabu za jioni zilipokataa kulingana.

Msimamizi wake, Darnell Tibbs, ndiye aliyeniambia haya, na alicheka mpaka akafuta macho. "Nikamwambia, Flo, umembatiza mtoto wa watu! Tukaibandua ile nembo, ikakwaruzika. Nikampa, nikamwambia chukua, hii inakwenda kutupwa. Akaishika muda mrefu. Akaniuliza, Darnell, hata wewe hukuliona? Nikamwambia, mama, gari ni lile lile."

Gari ni lile lile. Florence alitoka kazini na maneno hayo, na hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja mji wa jirani, Warren, kwa Chester. Alisimama mlangoni na koti lake la kazi, nembo mkononi na chupa ya gundi mfukoni.

"Umefiwa?" Chester akauliza.

"Bado. Ndiyo maana nimekuja. Gari lako liko wapi?"

"Unalitakia nini gari langu?"

"Sheria ya baba siivunji. Baba alisema Wolcott tu. Basi tulifanye Wolcott, uje kula kwenu."

Chester alibaki ameziba mlango. Irena akachungulia nyuma yake, akaiona ile nembo iliyokwaruzika, akaangua kicheko. "Mruhusu, Chester! Mimi ndiye niliyevunjika mkono, na mimi nimeshasamehe. Wewe unadai nini tena?"

Florence akalifuta gari la mdogo wake kwa shali yake. Akaibandika nembo ya Wolcott chini ya ile ya Lindell, akakandamiza kwa kiganja. Halafu akaligonga kidogo kwa nyuma. Irena anasema hapo ndipo Chester alipolia.

Mkesha uliofuata, gari lenye majina mawili liliingia uani kwa Zaremba. Sahani ya ziada ikapata mtu, ikabidi waongeze nyingine mbili, moja ya Irena na moja ya mgeni. Miaka iliyofuata ilikuwa miaka mizuri, wasikilizaji wapendwa. Walizeeka wakitaniana vile vile.

Baadaye wakubwa wakaachana. Lindell wakauza nusu yao kwa kampuni ya ng'ambo, na Wolcott wenyewe wakanunuliwa. Jirani mmoja akamchokoza Florence: "Mama Flo, wenzenu wamepeana talaka. Chester arudi barabarani?"

Akajibu, "Wameachana wao. Sisi nani alituita mahakamani?"

Jumamosi iliyopita tulimzika. Gari la maiti lilikuja kumchukua nyumbani kwake, na barafu bado ipo barabarani, nalo lilikuwa la kampuni nyingine kabisa, si Wolcott wala Lindell. Dereva ni kijana wa mji huu, anaijua ile nyumba. Akasimama barabarani, hakuthubutu kuingia.

Chester, na fimbo yake, akatoka mpaka katikati ya ua. Akampungia mkono.

"Ingia, mwanangu. Ingia mpaka mlangoni. Dada yangu hatembezwi kwenye barafu."

Likaingia. Na nyuma yake Chester akaita mengine, ya kila jina, mpaka uani pakajaa. Nami gari langu lilikuwamo, na nilijisikia nimekaribishwa.

Kwa Chester, kwa Irena, na kwa wote waliofanya kazi naye pale kwenye visanduku viwili, pokeeni pole zetu kutoka hapa redioni. Mlimpenda, naye aliondoka akilijua hilo. Na wewe unayenisikiliza, kabla hujarudi kwenye sufuria yako, sogeza pazia kidogo. Tazama nani wako umemwacha aegeshe barabarani. Nenda kamfungulie.