Mama Wilhelmina na Jumuiya Isiyo na Viti

Leo, Jumanne tarehe 30 Juni 1998, Mama Wilhelmina Kassian anastaafu upishi katika kituo cha afya cha parokia yetu hapa Katindiuka, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Kamati ya Huruma imeniomba mimi, Mwalimu Hermenegildi, mwenyekiti wake wa kwanza, niandike wasifu huu utakaosomwa kwenye sherehe. Wameniomba mapema, kwa hofu kwamba nikichelewa wataanza kuandika wa kwangu. Mganga wa kituo anakubaliana nao.

Nianze na kasoro zake, kwani sifa mtazisikia kwenye hotuba. Mwaka 1967 aliajiriwa kwa kazi mbili tu: chai ya wafanyakazi na chakula cha wageni wa parokia. Hakuna aliyemtuma kuwapikia wagonjwa. Hapa kwetu mgonjwa hupikiwa na ndugu zake. Lakini mpunga ukianza kukomaa, ndugu hao huhamia shamba huko bondeni, wakalala madunguni kufukuza ndege na nguruwe pori, na hawarudi mpaka wamevuna. Kwa hiyo kila mwaka wapo wagonjwa wanaoletwa kwa baiskeli, wakashushwa barazani pa kituo, na kuambiwa kwa upole kwamba wataonana baada ya mavuno.

Mama Wilhelmina alikosa subira ya kungoja mavuno. Aliinjika sufuria la pili nyuma ya jiko, akawa anapika uji asubuhi, na mchana wali na samaki kitoga kama wavuvi wamemkumbuka. Sukari ya uji ilitoka kwenye chai yetu. Wafanyakazi walilalamika kwa miaka mingi kwamba chai ya kituo haina ladha. Leo napenda kumshukuru kwa niaba yao: hakuna hata mmoja aliyepata kisukari.

Pili, hakuwa mtu wa ibada kama sisi. Alichelewa rozari, akaingia akinuka moshi, akaimba kwa sauti iliyowafanya wanakwaya watazamane. Kamati ya Huruma, kwa upande wake, ilikutana kila mwezi kutafakari namna ya kumwona Kristo ndani ya maskini. Tulifungua kwa sala, tukafunga kwa sala, na katikati tukanywa ile chai. Nje ya dirisha alikuwa akipita mwanamke na ndoo ya uji. Tulimwomba apite upande mwingine, kwa kuwa alitukatiza tafakari.

Ndipo ukaja mwaka 1993. Ng'ombe wa wafugaji wa Kisukuma waliingia kwenye mpunga wa watu kule Mchombe, na hasira ikaenea bonde zima. Kamati nayo ilikasirika, ila kwa lugha ya Kikristo. Tukaamua kwamba chakula cha kituo kitolewe kwa mwamini mwenye jumuiya tu, yaani aliye katika kundi la sala la majirani zake. Sikutaja Wasukuma mahali popote. Azimio nililiandika mimi mwenyewe, kwa Kiswahili safi, na wajumbe walinisifu kwa jinsi lilivyokaa vizuri. Mtu anayekaribia kufa huruhusiwa kusema ukweli bila kupigiwa kengele ya kumnyamazisha, kwa hiyo naungama: tuliwanyima watu chakula, tukapigiana makofi.

Mama Wilhelmina alisomewa azimio lile akiwa anachambua mchele. Aliuliza swali moja: jumuiya mpya huanzishwaje? Tukamweleza kwa furaha. Inahitaji mwenyekiti, katibu, mweka hazina, msimamizi wa mbinguni na mahali pa kukutania. Baada ya wiki mbili alileta ombi la Jumuiya ya Mtakatifu Martha, inayokutana kila siku. Kila siku! Tulikuwa na jumuiya zilizoshindwa kukutana kila wiki. Tuliipitisha kwa kauli moja, tukaitaja kwenye taarifa ya maendeleo ya parokia, wala hakuna aliyeuliza wanachama ni akina nani. Tulichoona ni kwamba kanisa linakua.

Kila jumuiya husomewa misa siku ya msimamizi wake, na baada ya misa wageni hula. Kwa hiyo tarehe 29 Julai kamati nzima ilimfuata Padre Anselim, tukiwa tumepiga pasi na tumeruka kifungua kinywa kwa ajili ya pilau. Mama Wilhelmina alitupitisha nyuma ya jiko hadi barazani.

Mwenyekiti wa jumuiya alikuwa Seni, mfugaji wa Kisukuma aliyevunjwa mguu na ng'ombe wake mwenyewe. Alichaguliwa kwa kuwa ndiye asiyeweza kwenda popote. Katibu alikuwa Stumai, Mwislamu, mke wa mkata miwa wa mashamba ya sukari, aliyechaguliwa kwa kuwa anajua kusoma. Mweka hazina alikuwa mzee Nickolaus, ambaye ukoma ulimchukua vidole zamani, naye alijisifu mwenyewe kwamba hakuna parokia yenye mweka hazina asiyeweza kudokoa kama yeye. Huyo peke yake ndiye aliyebatizwa.

Bwana Damiani, katibu wetu, alimuuliza Seni kwa ukali kama amebatizwa.

"Bado, mzee," Seni akajibu. "Nangoja mguu. Nasikia kwenu kuna kupiga magoti sana."

Nikamgeukia mama mwenyewe, nikamwambia ametudanganya.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema. "Mlitaka wenye jumuiya, nimewapa jumuiya. Au mnataka nianzishe parokia?"

Padre Anselim alitafuta pa kukaa. Hapakuwa na kiti hata kimoja, akaketi kwenye mkeka kati ya Seni na mzee Nickolaus. Akauliza nani hakulala vizuri. Wote walijua: ni Stumai, na walijua anaumwa wapi, na mumewe anarudi lini. Alipomaliza misa alituambia sisi tuliobaki tumesimama: "Nyie wengine huwa mnanialika nije nione viti." Kisha akala. Pilau haikuwepo, ilikuwa wali na matembele. Azimio letu halikufutwa, kwa sababu kamati hailazimiki kukiri makosa. Lilisahauliwa tu, njia ambayo tuna uzoefu nayo.

Mafuriko ya mwaka huu mnayakumbuka. Kamati iliunda kamati ndogo ya maafa, iliyokutana maji yalipokwisha kupungua, ikatoa pole. Mama Wilhelmina aliazima mtumbwi.

Aprili hii wanangu nao walikwenda bondeni kuokoa mpunga uliobaki. Miguu yangu ilikuwa imevimba, nikaletwa kwa baiskeli, nikashushwa barazani, nikaambiwa tutaonana baada ya mavuno. Mama Wilhelmina alikuja na ndoo yake, akaniamkia kwa heshima zote, kisha akasimama na upawa hewani.

"Mwalimu, una jumuiya?"

Barazani pote vichwa vikageuka. Yeye hakucheka, ila midomo ilimcheza. Nilisema ninayo, ya Mtakatifu Martha. Akanijazia bakuli. Uji ulikuwa na sukari nyingi kuliko chai yoyote niliyowahi kunywa kituoni.

Tangu siku hiyo barazani ndipo ninapokula, na ndipo ninapoandikia. Kwa hiyo msishangae nikisema jambo ambalo kamati ilitaka lisemwe baada ya sherehe. Imepanga sufuria la pili listaafu pamoja na mpishi, kwa kuwa mpishi mpya ataajiriwa kwa kazi zile mbili tu. Mama Wilhelmina anapewa zawadi ya saa ya ukutani. Yeye alikuwa ameomba kitu kingine: wajumbe wa kamati wapike barazani kwa zamu, kila mmoja siku yake, naye atakuwa akija kutoka nyumbani kwake Viwanja Sitini kuwafundisha kuwasha kuni. Ombi hilo liliahirishwa ili litafakariwe.

Nina furaha kutangaza, mbele ya Padre, wageni waalikwa na ninyi nyote mnaosikiliza, kwamba kamati imelikubali. Wajumbe wenyewe wanaisikia habari hii sasa hivi. Asiyeafiki asimame aseme, tutamsikiliza kwa upendo. Najua Bwana Damiani ameketi, namshukuru. Kesho ni zamu yake. Mchele uko kwenye debe jekundu, kuni ziko nyuma, na wagonjwa huwa na njaa ifikapo saa sita mchana.

Mama Wilhelmina, asante kwa chai isiyo na sukari. Asante kwa kutochoka nasi, hasa sisi tuliokuwa tunasali. Nenda nyumbani ukalale mpaka jua litoke, na Mungu akupe miaka mingi yenye miguu mizuri na kuni kavu. Ukija kututembelea, keti nasi mkekani: keshokutwa napika mimi, kwa kuelekeza kwa fimbo, na Seni, aliyepona mguu zamani, ameahidi kukoroga.

Mwalimu Hermenegildi,
mwanachama, Jumuiya ya Mtakatifu Martha.