Roma ni Karibu Kuliko Songea

Basi lilipopita Lukumburu likielekea Songea, muuza mitumba aliyekaa karibu na Mama Honorata alimwamkia, kisha akauliza anatoka wapi.

"Roma, kuhiji," akajibu mama huyo, mkulima wa mahindi wa Hanga.

Jamaa akacheka. "Mama, Roma siyo Ruhuwiko, hapo Songea mjini! Ni siku tatu kwa ndege."

Mama Honorata hakupenda kuitwa mwongo. "Ni mwendo wa saa nane tu, mwanangu. Nilisali rozari, nikasinzia, nikaletewa chai, kumbe tumefika Dar. Basi hili limetoka Dar jana alfajiri, likatulaza Makambako. Roma ni karibu kuliko Songea."

"Lakini kwa kilomita Roma ni mbali mara sita!"

"Kilomita ni za rubani. Mimi nahesabu kwa kiuno changu."

Basi zima likaangua kicheko, abiria wakagawanyika, hawa upande wa kilomita, wale upande wa kiuno. Walikuwa bado wanabishana basi liliposimama stendi ya Songea. Nje, kwaya ya parokia yake ilimwona Mama Honorata dirishani, ikapiga vigelegele na kuanza kuimba. Miaka yote alikuja hapo kupokea wageni wa wenzake; leo alipokewa yeye. Akajifunga kitenge vizuri, akashuka taratibu, makusudi, ili wamwimbie mpaka mwisho.