Kovu la Mberoshi wa Langoni

Nani aliujeruhi mberoshi wa langoni? Naanza na swali hilo kwa sababu wengi wenu mlioketi humu hekaluni kumuaga marehemu mmelinong'ona kwa miaka thelathini na sita, na jibu mlilojipa ni jina la baba yangu.

Baba, Tokuzo Iwase, alizaliwa tarehe 3 Machi 1941 hapa Kamiotaki, akasoma shule ya kijiji hadi darasa la tisa, kisha akarithi kamba za kupandia miti za babake, mchunaji wa magome, kwani mapaa ya patakatifu petu pa msituni huezekwa kwa magome ya mberoshi, na gome huchunwa mti ukiwa hai, kwa kibao cha mti, kamwe si kwa chuma, maana chuma kikifika ngozi ya ndani, kovu halifutiki.

Mwaka 1966 alimwoa mama, Fusae, aliyemwambia siku ya posa, "Wewe unanuka utomvu," akajibiwa, "Utazoea," nami Michiyo nikazaliwa, mtoto wao pekee. Msidhani nawaletea mtakatifu, alikuwa mbishi, na supu ya mama aliilalamikia hadi mwisho.

Oktoba 1988 mti mtakatifu, mberoshi huu wa langoni, ulikutwa umechanwa kwa kisu, kuhani akamwita Baba, aliyekuwa msimamizi wa wachunaji, naye akasema tu, "Wachunaji ni wangu, kovu ni langu," akafukuzwa msituni. Akachuna kwenye misitu ya ugenini, na kila mwaka mpya alirudi langoni, akaomba kazi, akakataliwa, akainama, akaondoka, mpaka mwaka 2000 kuhani mpya alipochoka kumkataa. Paa la patakatifu mnaloliona leo pale juu ni magome yake.

Aprili mwaka huu aligundulika ana saratani ya kongosho, akafariki nyumbani tarehe 14 Novemba 2024. Nilimuuliza kitandani, "Baba, alikuwa nani?" Akaniambia, "Usimtaje. Ana mdomo wake."

Basi simtaji. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na wachunaji wenzake waliobeba jeneza. Baba, kamba umeshaifungua, pumzika sasa.

Nilikuwa nakunja karatasi hii ya hotuba Baba Mdogo Kenkichi, mdogo wake Baba aliyechuna chini yake miaka ile, aliposimama mstari wa mbele, akaitazama picha ya marehemu, wala si mimi.

"Kaka, mvua ilikuwa inakuja, nikataka kumaliza haraka. Kisu kilikuwa changu. Ni mimi niliyeuchana."