Mzee Foto Anakabidhi Ufunguo wa Maabara

Ndugu Aminieli Nanyaro amekuwa mhudumu wa maabara ya shule yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti 2025, anastaafu. Wapo watakaosema alikuwa mwosha chupa tu. Makala haya yameandikwa kwa ajili yao.

Alizaliwa Nkoaranga, akalelewa na baba yake mdogo, mchungaji wa Kilutheri aliyesoma Kiyunani chuoni. Kamusi ya mchungaji ndiyo aliyoichezea utotoni. Alishuka mjini akijua kwamba haima ni damu na derma ni ngozi. Cheti cha ualimu hakuwa nacho.

Mwaka 2009 Parsimei, mwanafunzi wa kidato cha pili, aliandika kwenye jaribio kwamba fotosinthesi ni kazi ya studio ya picha, kama ile ya mtaani Sakina. Mwalimu wake wa biolojia, ambaye ndiye mwandishi wa makala haya, alimpa sifuri, kisha akalisoma jibu hilo mbele ya darasa. Kicheko kikalipuka. Parsimei akakusanya madaftari, akasema sayansi si ya watoto wa wafugaji, akaelekea mlangoni.

Aminieli alikuwa kwenye sinki. "Mwalimu, kijana kakosa nusu tu. Foto ni nuru. Picha ni nuru iliyonaswa, na jani nalo hunasa nuru."

"Aminieli, osha mirija."

"Naosha, mwalimu. Lakini shule ya msingi walifundishwa usanisinuru. Hiyo nuru ya mwishoni ulidhani ni jina la mtu?"

Darasa likacheka tena, safari hii likimcheka mwalimu. Parsimei akarudi kukaa.

Tangu hapo ubao mdogo juu ya sinki huandikwa Neno la Ijumaa, likiwa limekatwa vipande na kila kipande kina maana yake. Waliodai kwamba mhudumu hana ruhusa ya kufundisha walijibiwa kikaoni, tena kwa ukali, na wakirudia watajibiwa tena. Tuliwatwisha watoto maneno marefu kama magunia yaliyoshonwa midomo, kisha tukawaita wazito. Mzee huyu alikata uzi.

Parsimei leo ni mtaalamu wa maabara hospitalini. Mwezi uliopita alikuja kutusalimia. "Shikamoo, Mzee Foto!" alianza. Mwalimu wake aliamkiwa baadaye, na mpangilio huo ulikuwa sahihi.

Ijumaa ijayo ubao utaandikwa na mwalimu yule yule wa sifuri. Ameomba mwenyewe.

Asante, Mzee. Ulitufundisha kwamba bios ni maisha na logos ni neno. Neno umetuachia. Sasa nenda Nkoaranga ukale maisha.