Safari ya Mwalimu Jocelyne Mutware, Aliyetufundisha Kutazama Sinema

Leo Jumamosi, tarehe 6 Septemba 2025, hapa Base Camp, Nakivale, tunamrudishia Mungu mtu aliyetuazima. Mimi ni Herménégilde, mdogo wake marehemu. Familia imenipa kazi ya kusoma habari za maisha yake, na yeye mwenyewe aliniagiza kitu kimoja kabla hajaondoka: jambo la dada yetu Marie nilisome kama lilivyotokea. "Usiongeze, na usipunguze kwa kuogopa watu," alisema. Nitajaribu.

Mwalimu Jocelyne alizaliwa tarehe 9 Aprili 1975 huko Bijombo, milimani juu ya Uvira, Kivu Kusini. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mwinjilisti Mutware na mama yetu Bénédicte. Baada yake alizaliwa Marie, mwaka 1979, kisha mimi. Mama alikuwa akisimulia kwamba mwaka 1984 wamisionari walipita kijijini na mashine ya sinema, wakafunga shuka jeupe kati ya miti miwili. Watoto wote walikaa mbele. Jocelyne aliinuka, akazunguka nyuma ya shuka, akakaa huko mpaka Mama akamfuata. Alipoulizwa alikuwa anatafuta nini, alijibu, "Nilitaka kujua kama nyuma wako. Mama, wako. Ila wamegeuka." Mama alicheka kila aliposimulia hayo, lakini alikuwa akicheka huku amemshika mkono.

Alisoma shule ya msingi Bijombo na sekondari mjini Uvira, akapata diplôme d'État ya pédagogie, cheti cha serikali cha ualimu, mwaka 1995. Alifundisha Kifaransa na fasihi palepale Uvira. Wanafunzi wake wa zamani, wengine wako hapa, wanakumbuka kwamba hakuwa na haja sana na nani alimuua nani kwenye hadithi. Yeye aliuliza nani alijua na akanyamaza.

Tarehe 12 Julai 1997 alifunga ndoa na Bwana Grégoire, seremala, mtu wa maneno machache. Mungu aliwapa watoto watatu: Junior, Chantal na Bénédicte mdogo, aliyepewa jina la bibi yake. Shemeji amenikubalia niseme kwamba siku alipokwenda kumchumbia, Jocelyne alimtazama muda mrefu, kisha akamwambia, "Wewe hauko muoga. Unafikiri tu polepole." Shemeji anasema hakuna mtu aliyemsoma vizuri kama huyo, kabla wala baada.

Juni 2004 vita vilifika Uvira, tukakimbilia Burundi. Kwenye msongamano wa mpakani tulimpoteza Marie. Alikuwa nyuma yetu, amebeba sufuria, halafu hakuwepo. Tulimtafuta kambini, tukauliza kwa Msalaba Mwekundu, tukauliza kwa kila aliyetoka njia ile. Baba alifariki mwaka 2013 bila kukubali tumfanyie Marie matanga, kwa sababu, alisema, hatuna habari.

Familia ilifika hapa Uganda, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, tarehe 3 Februari 2007. Jocelyne alilima mahindi na maharagwe kama sisi wote, akafundisha watoto. Lakini kazi ambayo wengi wenu mmekuja kumshukuru ilianza mwaka 2011, kwenye kibanda cha video cha Bwana Néhémie. Aliomba Jumamosi mchana, filamu ikiisha, watu wasitoke. Wakae wazungumze.

Mwanzoni walibaki wachache, na wengine walibaki kwa sababu ya mvua. Siku ya kwanza walikuwa wametazama filamu ya familia tajiri yenye ugomvi wa mirathi. Jocelyne aliuliza, "Yule binti anayewapikia chakula, jina lake nani?" Hakuna aliyejua, kwa sababu filamu nzima hakuna aliyemwita kwa jina. "Basi tuanzie hapo," alisema. Walizungumza mpaka mvua ikaisha na hakuna aliyeona kwamba imeisha. Kutoka siku ile alitufundisha kuwatazama watu wa kwenye picha kama jirani zetu: huyu anataka nini, anamuogopa nani, nani anamtegemea bila kusema. Wanawake walianza kuzungumza habari za wakwe zao kwa kisingizio cha filamu. Baba mmoja alitoka kwa hasira akidai kwamba muhusika mlevi ametajwa kwa ajili yake. Jumamosi iliyofuata alirudi na mke wake.

Sasa nafika pale aliponiagiza.

Tarehe 16 Machi 2019, mchana kweupe, tulitazama filamu iliyotengenezwa Mbarara na Bwana Jamiru, ambaye yuko nasi hapa pamoja na mke wake, Bi Mastula. Ni hadithi ya ndugu wawili walioachiwa ng'ombe na baba yao. Mkubwa anamuonea mdogo. Katikati wanagombana mbele ya watu kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, na watu wanawacheka. Filamu ilipoisha, Jocelyne alianza kama kawaida. Alisema mkubwa hana uchoyo, ana woga, kwa sababu mdogo anafanana na baba yao na kila akimtazama anajiona amehukumiwa. Watu walibishana. Kisha akamwambia Néhémie arudishe nyuma ile sehemu ya maziwa, maana alitaka tutazame wanaosikiliza, si wanaosema.

Néhémie alirudisha.

"Simamisha," alisema. "Muone. Banacheka bote. Ule mama wa nyuma ya madumu, yeye hacheki."

Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cha kijani kichwani. Mkono wa kulia ulikuwa umeshika kiwiko cha kushoto. Marie alianguka mtini akiwa mdogo na kuvunjika kiwiko hicho. Tangu hapo alikishika hivyo kila aliposimama. Mimi nilimtambua kwa mkono huo kabla ya kuona uso. Jocelyne alikaa chini, palepale penye vumbi, akasema jina lake mara moja.

Jumamosi iliyofuata tuliomba kuitazama tena. Flashi ilikuwa ileile, Néhémie hakuitoa kibandani. Mwanamke alikuwepo, lakini sasa alisimama mbele ya madumu. Niliowauliza hawakukubaliana. Wengine walisema alikuwa mbele tangu mwanzo. Mama mmoja alisimama akasema, "Juma lililopita hakukuwa pale, miye niliona," akabeba mtoto wake akatoka. Watu kadhaa waliacha kuja. Mchungaji aliombea kibanda. Néhémie, ambaye si mtu wa kuamini hadithi, alitaka kuivunja ile flashi kwa nyundo.

Jocelyne alimzuia. "Muhusika hafukuzwi kwa sababu hatujamuelewa," alimwambia. "Tumuulize anataka nini."

Akamtazama kama alivyowatazama wahusika wote. Aliketi karibu na kioo. Nilikaa naye, nimeogopa, sitaficha. Baada ya muda aliniuliza, "Anaangalia wapi?"

Nikasema anawaangalia wale ndugu wawili.

"Hapana. Angalia macho. Anaangalia chini, ku mukono wa kushoto. Mutu mukubwa anaangalia chini hivi kwa sababu gani?"

Nikasogea karibu na kioo.

"Iko mutoto pale," alisema. "Kamera ilimukata."

Aprili hiyo tulikwenda Mbarara, yeye, shemeji Grégoire na mimi. Bwana Jamiru alitupokea nyumbani kwake kwa heshima, akafungua filamu kwenye kompyuta yake. Aliitazama ile sehemu mara nyingi.

"Nyabo, mama yangu, mimi hii kazi nafanya miaka mingi," alisema. "Huyu mtu mimi sijui yeye."

Bi Mastula ndiye aliyewatafuta na kuwavalisha watu wote wa siku ile. Aliwataja mmoja mmoja kwa kidole, majina na vijiji vyao. Alipofika kwa mwanamke wa kitambaa cha kijani aliondoa kidole kwenye kioo. "Huyu sikumvalisha mimi," alisema, akaenda kufungua dirisha.

Jocelyne aliuliza kama palikuwa na mtoto.

Jamiru alifikiri. Ndiyo, palikuwa na kasichana kamoja. Kalikuwa kanaingia kwenye picha kila mara, mwishowe wakakaambia kasimame pembeni, karibu na ukuta. "Kalikuwa peke yake, nyabo. Lakini kalikuwa nasema-sema, kama iko na mtu." Walipiga picha hiyo Julai 2018, alisema, huko Bwizibwera.

Kesho yake tulikuwa Bwizibwera. Haikuchukua muda. Bi Nusrah, muuza maziwa wa karibu na kituo, alipoona uso wa Jocelyne aliweka kikombe chini, akasema, "Umechelewa, dada. Lakini umefika."

Marie aliishi pale tangu mwaka 2010. Alilima kwa watu na kusafisha madumu ya maziwa. Mume wake, dereva wa lori, alikufa kwa ajali. Aliwahi kusema ana ndugu lakini vita viliwamaliza. Hakujua kwamba tuko hapa Nakivale, Isingiro, upande wa pili wa Mbarara, na sisi tulipita barabara ya Bwizibwera mara nyingi. Malaria kali ilimchukua. Bi Nusrah, ambaye ni Muislamu, aliwatafuta Wakristo wa pale ili azikwe kwa sala za kwao, na akamchukua mtoto. Tarehe anaikumbuka, kwa sababu siku hiyo mtoto alitimiza miaka kumi. Ilikuwa 2 Novemba 2017.

Ndugu zangu, nimesoma tarehe hizo mbili, ya filamu na ya kifo, kama zilivyo. Sina la kuongeza.

Mtoto alikuwa ameketi mlangoni anasikiliza. Jina lake Umwiza. Jocelyne alichuchumaa mbele yake, hakumgusa bado. Akamuuliza siku ile ya filamu alikuwa anaongea na nani.

"Na mama," alijibu.

"Alikuambia nini?"

"Aliniambia mimi nisiingie kwenye picha. Alisema ataingia yeye."

Shemeji Grégoire alitoka nje. Jocelyne alibaki amechuchumaa, machozi yanamdondoka kwenye magoti, na mtoto ndiye aliyenyoosha mkono kwanza.

Tulimfanyia Marie matanga hapa Nakivale mwezi wa Mei, tukaweka jina lake juu ya kaburi kule Bwizibwera. Bi Nusrah alimleta Umwiza kwetu mwenyewe, na hakuna sikukuu aliyokosa kuja kumwona mpaka leo. Baadaye mwaka huo Néhémie alituonyesha ile filamu mara nyingine, kwa ombi la watu. Mwanamke alikuwepo, nyuma ya madumu, palepale pa mwanzo. Mimi niliona hatazami chini tena. Jocelyne hakutaka kubishana juu ya hilo. Alitufundisha siku hiyo juu ya yule ndugu mdogo, kwa nini mtu anayeonewa anaendelea kumpenda anayemuonea, na yalikuwa mazungumzo mazuri kuliko yote niliyosikia kwake.

Ugonjwa wa figo ulimwanza mwaka 2022. Alipohitaji kusafishwa damu mara kwa mara, familia ilipanga nyumba Kakiika ili awe karibu na hospitali ya Mbarara, na shemeji akahamishia huko meza yake ya useremala. Hata wodini aliendelea na kazi yake. Alikuwa akininong'oneza habari za wagonjwa wenzake: yule baba ana watoto wengi lakini anamngoja mmoja tu, wale dada wawili wanagombana ili wasilie. Nesi mmoja alimuomba amsome na yeye. Alikataa, akasema, "Wewe ukiko kazini unacheza mutu mwingine. Sitaki kukuharibia."

Juma lake la mwisho Umwiza aliacha kula. Alikuwa msichana wa miaka kumi na saba, lakini alikaa mlangoni mwa chumba kama tulivyomkuta Bwizibwera. Asubuhi ya Jumatatu Jocelyne alimwita kitandani, nami nilikuwepo.

"Unaogopa nini?"

Umwiza alisema anaogopa kwamba atamuona. Halafu akasema, hapana, anaogopa kwamba hatamuona.

Jocelyne alimsogeza karibu. "Usinitafute mu filamu, mwanangu. Mama yako alikuwa na kazi, alikuwa amekuacha peke yako. Miye sikuachi peke yako. Angalia hii nyumba vile imejaa." Kisha akamuomba uji, na Umwiza alipouleta akamwambia aanze kuunywa yeye. Alikunywa.

Mwalimu Jocelyne alituacha Jumatano, tarehe 3 Septemba 2025, saa tisa alasiri, nyumbani Kakiika, madirisha yakiwa wazi na watu wakizungumza kwa sauti ya kawaida, kama alivyotaka. Alikuwa na umri wa miaka hamsini.

Familia inawashukuru madaktari na manesi wa Mbarara, kanisa, Bwana Jamiru na Bi Mastula, Bi Nusrah, na Bwana Néhémie, ambaye leo amefunga kibanda chake kwa mara ya kwanza siku ya Jumamosi.

Marehemu ameacha mume, Bwana Grégoire. Mama yetu mzazi, Bénédicte. Mdogo wake, mimi Herménégilde. Na watoto wanne: Junior, Chantal, Bénédicte mdogo na Umwiza. Kwenye karatasi ya kwanza niliandika watoto watatu na binti wa dada. Umwiza aliisoma jana, akachukua kalamu akasahihisha. Nimesoma kama alivyoandika.

Dada yetu, Mungu akupokee, na usingizi wako uwe mtulivu.