Damu ya Kitovu cha Moses

Usiku wa tarehe 9 Mei 1963, kijijini Mungaa, ng'ombe alilia mara moja zizini kisha kukawa kimya, mzee Lazaro akatoka kumwangalia, na aliporudi ndani alikuta ameshapata binti, naye ndiye Kristina tunayemsindikiza leo.

Alisoma Shule ya Msingi Mungaa kuanzia mwaka 1971 hadi 1977, baadaye akawa karani wa ushirika hapa Ikungi, na ushirika ulipokufa mwaka 1992 hakukaa kulia, alikodi mashine akakamua alizeti, na wengi mliopo hapa mmekaangia mafuta yake.

Tarehe 8 Oktoba 1988 alifunga ndoa na Ignas, wakajaliwa Theodora mwaka 1990, mtoto mcheshi mwenye ugonjwa wa selimundu, ambaye maumivu ya mifupa yakimshika, mama yake alimbeba mgongoni, hata alipokuwa mkubwa wa kuburuza miguu chini.

Mwaka 1997, Kristina akiwa na mimba ya pili, mdogo wake wa mwisho, aliyemlea yeye mwenyewe baada ya mama yao kufariki, alikuja kutoka Dar es Salaam. Wakati ule kampuni binafsi zilikuwa zikifunguliwa kila kona, naye alikuwa wakala wa moja iliyopeleka nje damu ya kitovu ya watoto wachanga ikahifadhiwe kwenye baridi kali, akamweleza dada yake kwamba damu ya huyu anayekuja, ikioana na ya Theodora, ingeweza kumponya. Mama mkwe alikataa, akasema cha mtoto huzikwa nyumbani kwao, hakipandi basi, lakini Kristina alimwomba kwa heshima, mama, niachie hiki kimoja tu.

Moses alizaliwa tarehe 20 Januari 1998, damu ikakingwa, ikawekwa katika sanduku la barafu, yule mdogo wake Kristina akaondoka nalo kwa basi, na mvua za mwaka ule mnazikumbuka. Tangu hapo kila Krismasi alikuja na jibu lilelile, dada, iko salama, inalala vizuri kuliko shemeji, Kristina akicheka, na kwa kuliamini jibu hilo mwaka 2000 alifunga uzazi, akisema kinachotakiwa kipo.

Juni 2004 Theodora alizidiwa, daktari wake akapata wenzake ughaibuni waliokuwa tayari kujaribu, akaomba damu ile ipimwe, ndipo mdogo wake Kristina alipokaa ukingoni mwa kitanda akasema basi lilikwama kwenye matope Manyoni, barafu ikayeyuka, damu ikaharibika, akaimwaga kando ya barabara, na alinyamaza kwa kuwa hakutaka dada yake alie. Theodora alifariki tarehe 2 Agosti 2004.

Kristina hakuyalaumu matope, alisema mvua si ndugu yake, alichosema ni kwamba angeambiwa mapema angezaa tena, angekinga tena, na tangu siku hiyo jina la mdogo wake halikutamkwa nyumbani kwake, tukisema yule wa sanduku kila mtu alielewa.

Mwaka 2008 aligundulika kuwa na saratani ya titi, akatibiwa, akarudi nyumbani, na alfajiri ya Jumanne tarehe 11 Agosti 2009 alifariki. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuchotea maji na kulala nasi chini ya turubai, na wakamuaji wenzake mliozima mashine zenu kwa heshima yake.

Ameacha mume, mtoto Moses, dada yake Editha, na mwingine mmoja. Wiki moja kabla ya kufariki alimpa Editha maneno ya kusomwa hapa, kwamba hajamsamehe yule wa sanduku, tusimsingizie, lakini anataka wa kwanza kutia udongo awe huyo, ili walau mara moja aweke kitu chake mbele ya watu, kikae pale alipokiweka.

Lala, Kristina, umefika, hakuna tena atakayekusafirisha.

Naye yupo, amesimama nyuma ya turubai tangu asubuhi, tunamwomba asogee mbele ashike koleo, Clement Lazaro.