Mzee Lenzi na Msimu wa Mwani Mwekundu

"Beseni la kuogeshea watoto umelijaza mwani tena! Wanao waoge wapi, baharini?" Siku ngapi Bibi alizianza kwa kumfokea hivyo mumewe, marehemu tuliyemzoea kwa jina la Mzee Lenzi, kwa ile lenzi iliyoning'inia shingoni mwake hata akienda harusini.

Alizaliwa tarehe 4 Machi 1949, mtoto wa tatu wa fundi viatu. Shule aliishia darasa la saba, mwaka 1964. Mwalimu wake aliandika: "Anauliza mno."

Mwaka 1971 aliajiriwa kituo cha utafiti wa bahari, kuosha chupa. Wataalamu walikuwa wakisema huku joto ni mwaka mzima, basi mwani mwekundu unazaa ovyo tu, hauna msimu. Yeye akabisha: vile vinundu vya mbegu, vidogo kama kichwa cha sindano, hujaa miezi ya baridi. "Wewe osha chupa," wakamwambia. Akaosha. Lakini kila mwezi, maji yakipwa, alichuma miche hamsini, akahesabu yenye vinundu, akaandika daftarini.

Alifunga ndoa na Bibi, mshonaji, tarehe 14 Septemba 1974. Agosti iliyofuata alilaza vioo ndani ya beseni, chini ya mwani, ili mbegu zianguke zishike. Zikashika, vioo vikawa vyekundu. Bibi akavikuta, akavisugua kwa mchanga na sabuni.

"Si vilikuwa na kutu!"

"Mke wangu, hujaosha kutu. Umeosha ushahidi."

Ikabidi asubiri baridi nyingine. Safari hiyo Bibi alililinda beseni kama kuku mwenye vifaranga. Mwaka 1983 mkurugenzi mpya alianza kulisoma lile daftari amesimama, mwishowe akatafuta kiti. "Kumbe msimu upo," akasema.

Marehemu alistaafu 2009, hesabu haikustaafu. Moyo ulianza kumsumbua Januari 2024. Ilipofika Agosti hakuweza kushuka ufukweni, akakosa raha kabisa: daftari halijawahi kuruka mwezi. Jumatatu tarehe 19, Bibi, na magoti yake hayo mabovu, akashuka mwenyewe, akarudi na beseni la mwani.

"Haya, hesabu, mgomvi wangu."

Akahesabu palepale kitandani. Arobaini na tatu kati ya hamsini. "Si nilisema?" Akaandika, akacheka. Kesho yake saa nne asubuhi, maji yamepwa, akafariki.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa na beseni moja.

Apumzike kwa amani maji yakijaa. Yakipwa msimtafute, atakuwa ametoka kidogo, ana shughuli zake.